Samaki Wekundu wa Bibi Nesi

Ukimwamkia Bibi Nesi shikamoo, alikuwa haitikii mpaka akushike mkono. Alikushika kwenye kifundo, vidole viwili juu ya mshipa, akatulia kidogo akitazama pembeni, halafu ndiyo aseme marahaba. Majirani walidhani ni mapenzi ya kizee. Mimi niliyepanga uani kwake nilijua kwamba alikuwa anasikiliza mapigo ya moyo. Mara nyingine marahaba yenyewe ilikuja na maelekezo: "Marahaba, mwanangu. Umekunywa maji leo? Damu yako inakwenda kama inafukuzwa."

Alikuwa ameshastaafu siku nyingi. Nusu ya vijana wa mtaa wetu pale Kilosa mjini walipokelewa duniani na mikono yake, na yeye hakuona aibu kuwakumbusha. Dereva wa bodaboda akimpita kwa kasi, alimwita kwa sauti mbele ya abiria wake: "Wewe! Ulitoka miguu mbele, ukamtesa mama yako, na mpaka leo huna adabu!" Kijana atasimama, atashuka, ataamkia.

Alikozaliwa na ukoo wake sivijui vizuri, na sikuwahi kuuliza. Nilimkuta akiwa tayari ni yeye. Nilikuwa nimepata kazi kwenye duka la pembejeo, nauza mbegu na dawa za mazao, natafuta chumba. Nikaelekezwa kwake. Alinikuta nimesimama mlangoni na begi.

"Unatoka wapi?"

"Ulaya, Bibi."

"Ulaya hii ya kwetu au ile ya theluji?"

"Hii ya kwetu, kijiji cha hapahapa Kilosa."

"Afadhali. Wa kule wangenidai heta ya kupashia chumba moto." Akacheka peke yake, halafu akakunja uso akanisomea masharti. Mikono inawekwa sabuni kabla ya kugusa ndoo ya maji ya kunywa. Redio inazimwa wakati wa adhana. Takataka hazilali ndani. Na la mwisho alilisema akiwa amenigeuzia mgongo: "Humu samaki hapikwi. Dagaa vilevile. Ukimtamani, nenda kale hotelini, urudi umenawa."

Nilidhani ni mwiko wa ukoo, au tumbo lake halimpokei. Sikujua kwamba mwanamke huyohuyo, miaka yote ya kazi, ndiye aliyekuwa akisimama kliniki mbele ya akina mama na kuwaambia wasagie watoto dagaa kwenye uji, wawachambulie samaki, wasiache mboga ile kwa baba peke yake. Mama wa nyumba ya pili, ambaye ndiye aliyenieleza mambo mengi, alikuwa akiigiza sauti yake: "Samaki, akina mama! Mtoto haoti meno kwa wali mtupu!" Kisha akashusha sauti yake mwenyewe. "Lakini kwake hajaingia samaki tangu msiba."

Msiba wenyewe ulikuwa wa mtoto wa kiume wa Bibi Nesi na mumewe. Walikuwa na watoto wawili. Binti aliolewa Mikumi, na huyu kijana wa mwisho alibaki nyumbani akilima shamba la wazazi upande wa Mvumi. Masika moja mvua ilinyesha milimani usiku kucha, mto Mkondoa ukaja umejaa matope na magogo. Kijana alikuwa anarudi kutoka shambani. Waliokuwa ng'ambo walimpigia kelele asivuke. Labda hakusikia, labda aliona ni maji ya kawaida. Walimkuta siku za baadaye, mbali, kwenye mashamba ya miwa.

Wanaume ndio waliomuosha, na baba yake alikuwa mmoja wao. Mama yake alibaki chumbani na wanawake. Mzee alipotoka kule alikokuwa akimuosha mwanawe, alikwenda moja kwa moja akakaa kwenye jamvi, hakumtazama mtu, na hakuongea habari ile siku hiyo wala baadaye. Mama wa nyumba ya pili alinigusa goti. "Siku nyingi kwenye maji, mama. Na mtoni kuna samaki. Unaelewa?" Nilielewa. Kuanzia hapo hata mimi nikienda kula hotelini nilirudi nimenawa mara mbili.

Mzee wake alikuwa mtu wa reli. Alitembea na nyundo juu ya mataruma, akikagua njia, mpaka magoti yakagoma. Mpole kupita kiasi. Yeye peke yake katika mji mzima alimwita mkewe "Sista", kama alivyokuwa akiitwa wodini siku walipokutana, yeye akiwa amekwenda kufungwa kidole kilichopondwa na chuma. Wakiwa wawili walizungumza Kisagara, taratibu, na uani tulisikia mvumo tu. Wakigombana walihamia Kiswahili. Sijui kwa nini. Labda lugha ya nyumbani waliiona haifai kuchafuliwa.

Nao waligombana hasa kwa ajili ya chakula. Mzee alikuwa ameanza kupungua. Moyo umechoka, daktari alisema, na aache nyama nyekundu, aache mafuta, aache chumvi. Meno yalikuwa machache, kuku wa kienyeji hamuwezi. Maharage yalimjaza tumbo. Daktari, mtu mwema asiyejua historia ya nyumba ile, akasema jambo jepesi kabisa: "Mpeni samaki. Samaki laini, wa mchuzi, mara nyingi iwezekanavyo."

Bibi Nesi alirudi kutoka hospitali akakaa kwenye kizingiti na hijabu yake bado imebanwa. Baadaye nilimwona anafanya jambo ambalo sijawahi kulisahau. Alitoa kabatini ule utepe wa rangi tatu wanaopimia mikono ya watoto wenye utapiamlo, akamzungushia mumewe kwenye mkono wa juu. Mzee alicheka, akauliza kama anapelekwa kliniki mgongoni. Bibi Nesi naye alicheka. Halafu akaja nyuma, jikoni, akasimama akiangalia ukuta.

"Hawezi kumla samaki wa mtoni," aliniambia. "Na wa sokoni simjui ametoka maji gani. Nami siwezi kumlazimisha. Mgonjwa unamshawishi, humlazimishi." Akageuka kunitazama. "Nataka samaki atakayemjua tangu akiwa mdogo kama ukucha. Amwone anakula nini, amwone maji yake. Na awe mzuri. Mtu hawezi kukaa kutwa anatazama kitu cha kutisha, halafu umwambie akile."

Ndivyo ulivyoanza mradi ambao mtaa mzima uliuita bustani ya Bibi Nesi. Binti yake wa Mikumi alimtumia video kwenye simu: tangi la samaki chini, juu yake mabeseni marefu yamejazwa kokoto na kupandwa mboga. Pampu ndogo inapandisha maji machafu ya samaki kwenye kokoto. Mizizi inakula ule uchafu. Maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Aliitazama video ile kwa miwani, kisha bila miwani, kisha akaniita nimsomee maandishi. Nilipomaliza alisema, "Hii ni figo. Mboga ni figo za samaki. Mbona rahisi." Akaagiza kokoto.

Tangi lilijengwa kwa saruji kando ya kibaraza, mahali ambapo mzee aliwekewa kiti. Bibi Nesi alitaka ubavu mmoja uwe wa kioo, ili mzee asihitaji kuinama. Fundi wa madirisha ya aluminiamu alisema haiwezekani, akaweka, kikavuja. Akaweka tena, kikavuja kidogo. Mara ya mwisho Bibi Nesi alisimama juu yake tangu asubuhi, akimwelekeza namna ya kushona kidonda. Hakikuvuja tena. Maji ya bomba yalipoingia, hakuruhusu kiumbe kutiwa humo mpaka dawa ya klorini iishe. Yalikaa, yakazungushwa, yakakaa tena. Watoto wa mtaani walikuja kutazama tangi la maji matupu, wakaondoka wamenuna.

Kuchagua samaki ndiko kulikomsumbua kuliko yote, na ndiko nilikomjua vizuri. Alitaka vitu viwili kwa pamoja, na kila muuzaji alikuwa na kimoja.

Wa kwanza walikuwa kambale. Mtu wa Chanzuru aliyechimba bwawa alimpa wachache kama zawadi, kwa kuwa alimzalishia mkewe. Alimweleza kwamba kambale hafi ovyo, hata umeme ukikatika anapumua juu, na nyama yake haina miiba ya kumkaba mzee. Yote ni kweli. Lakini mzee alipowaona wale viumbe weusi wenye ndevu wanapapasa chini ya tangi, alisogeza kiti chake taratibu mpaka kikaelekea barabarani. Hakulalamika. Bibi Nesi aliwatazama wale kambale, akamtazama mzee kisogoni, akasema, "Hawa ni mto mtupu." Hata hivyo aliwaacha humo kwa muda, maana zawadi hairudishwi haraka.

Kisha tukaenda Morogoro, mimi na yeye, kwa muuzaji wa samaki wa mapambo. Duka lilikuwa zuri, vioo vimepangwa ukutani, taa za buluu. Bibi Nesi alipita kioo kwa kioo akiwa ameshika mikono nyuma kama yuko raundi ya wodini. Akasimama mbele ya koi mmoja mkubwa, mweupe mwenye mabaka mekundu.

"Huyu akipikwa anakuwaje?"

Muuzaji, kijana mstaarabu, alidhani hajasikia. "Samahani, Bibi?"

"Nyama yake. Ni ngumu au laini?"

"Bibi, hawa ni wa kuangalia."

"Hata mimi naangalia. Nauliza ya baadaye."

Kijana alinitazama mimi kuomba msaada. Alieleza kwamba koi analiwa kwa kweli, ni samaki kama samaki wengine, lakini hakuna mtu anayemnunua kwa bei ile akamtia kwenye mchuzi. Tena anataka bwawa kubwa kuliko nyumba ya mtu. Tukatoka na samaki wa dhahabu, wadogo, mikia kama khanga iliyoanikwa. Bibi Nesi alijua hawana nyama. "Nimewanunulia macho yake," alisema. "Tumbo lake nitalitafutia."

Mzee aliwapenda palepale. Kiti kilirudi. Alikaa tangu baada ya chai mpaka jua la adhuhuri, akiwanyooshea kidole na kuwasemesha Kisagara. Mchana joto la Kilosa lilipopanda, wale samaki walipanda juu kuhema, na mzee naye alihema nao, akamwita mkewe awafunike kwa turubai. Nadhani zile ndizo zilikuwa wiki zake bora katika ugonjwa ule. Uso wake ulikuwa na kazi ya kufanya.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, alitoka na fimbo yake akakaa mbele ya kioo. Tulisikia anaita, "Sista! Sista!" Tulipofika, ndani ya tangi kulikuwa na kambale waliotulia chini, matumbo yamejaa, na kipande cha mkia wa dhahabu kinazunguka juu ya maji. Bibi Nesi alijua kambale hula wenzao. Aliwatenga kwa wavu, na wavu ulikuwa umelegea kwenye kona. Mzee hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, akayaacha. Alisema, "Maji hayaachi," akaingia ndani. Siku ile hakula hata uji.

Kambale walirudishwa Chanzuru asubuhi ileile. Bibi Nesi aliosha tangi lote kwa brashi, peke yake, akakataa msaada wa mpangaji yeyote. Nilimsikia anaongea na nafsi yake humo ndani, sauti ikirudi kutoka kwenye saruji: "Mzuri. Mpole. Analiwa. Anavumilia joto. Yupo. Lazima yupo."

Kweli alikuwapo, na alikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Mteja mmoja dukani kwetu, mfugaji wa sato, alikuja kununua mbegu za mchicha akataja kwamba ana sato wekundu. Nilimuuliza mara mbili. Sato huyuhuyu tunayemjua, alisema, ila rangi yake ni kama embe lililoiva, wengine waridi, wengine na doa jeusi kama wino. Anapenda joto, anakula majani, hana ugomvi, na mezani ni sato kamili. Jioni nilipomwambia Bibi Nesi, alivaa viatu palepale. Nilimwambia tusubiri kesho. Neno "kesho" alilichukia. Alisema wodini ndilo lililoua watu wengi.

Vifaranga wake walikuja kwenye mfuko wa plastiki uliojazwa hewa, wamepauka, hawana hata rangi. Mzee alivitazama vile vijitu bila imani. Lakini wiki zilivyopita, wekundu ukaanza kujitokeza, kwanza kwenye mapezi, kisha mgongoni, mpaka asubuhi moja jua lilipopiga kwenye kioo tangi likawaka. Watu waliokuwa wanakwenda sokoni walisimama. Juu yao mchicha na spinachi vilikuwa vimefunga kokoto zote. Mzee aliwalisha mwenyewe, punje kwa punje. Mmoja alikuwa na doa jeusi juu ya jicho; huyo alimwita Mkaguzi, kwa sababu alizunguka kuta zote kila siku kama mtu wa reli.

Umeme ukikatika ndipo ungejua Bibi Nesi ana askari. Pampu ikinyamaza, alitoka na kopo, akachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu ili yaingie hewa, akachota, akamwaga, na sisi wapangaji tukapokezana. Mtu akiacha kopo kwenda kujibu simu alikuwa anasikia maneno. Alikuwa mkali namna hiyo, halafu baadaye anakuletea fungu la mchicha mlangoni bila kusema kitu, analiweka chini na kuondoka.

Sato walipofikia ukubwa wa kiganja na zaidi, Bibi Nesi aliacha kulala vizuri. Nilimwona anavyozunguka lile tangi. Samaki wake walikuwa wazuri mno. Alikuwa amemtafutia mumewe kitu cha kupenda, na sasa ilimbidi achukue kisu. Mwishowe ni mzee aliyelianzisha mwenyewe, kibarazani, mimi nikiwa pale nachambua mchicha.

"Wale wanene, Sista, wanasubiri nini?"

Bibi Nesi alishika nguzo. "Utakula?"

"Wewe si ndiyo maana uliwaleta? Ila Mkaguzi usimguse."

Alipika mchana ule kwa namna ya hospitali, nyanya, ndimu, kitunguu, mafuta tone. Harufu ya samaki ilitoka kwenye jiko lile kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Aliniambia nikae nao, nadhani aliogopa kubaki peke yake na sahani. Alimtengea mzee wali uliopondwa na samaki aliyechambuliwa mwiba mmoja mmoja. Kwenye sahani yake mwenyewe aliweka wali na mchicha.

Mzee alishika tonge, akaitazama sahani ya mkewe.

"Na wewe?"

"Mimi nimetosheka na mboga."

Mzee aliweka tonge chini. "Sista. Miaka yote hii umeacha samaki kwa ajili ya mtoto. Mimi nikanyamaza. Nikasema nisimtoneshe mama wa watu. Leo unanipikia mimi, wewe bado huli?"

Bibi Nesi alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. "Mimi?" alisema. "Mimi niliacha kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyemuosha."

"Nilimuosha."

"Kwa hiyo uliona."

"Niliona nini?"

Bibi Nesi aliinua mkono kuelekea kwenye sahani, ukaanguka mapajani. Mzee aliufuata mkono ule kwa macho, kisha nikaona ameelewa. Mdomo wake ulifunguka kidogo.

"Alikuwa mzima," alisema. "Sista, mtoto alikuwa mzima. Alichubuka hapa," akagusa paji la uso wake, "na hapa kwenye kiwiko. Alivimba, maji ni maji. Lakini hakuna kilichomgusa. Nilimuosha nikamfunga sanda, mzima. Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Ulitoka pale hukuniangalia."

"Ningekuangaliaje?"

Nilitaka kuondoka. Bibi Nesi alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, si kwa kusikiliza mapigo safari hii, akanizuia kama mtu anayeshika ukingo wa kitanda. Kisha akaniachia. Akanyoosha mkono kwenye sahani ya mumewe, akamega kipande cha samaki, akala. Alikula analia, na huku analia vidole vyake viliendelea kutafuta miiba katika sehemu ya mzee. Mzee naye akala.

Ningependa kuandika kwamba alipona. Aliongezeka kidogo, hiyo ni kweli. Utepe wa rangi tatu ulisogea, na Bibi Nesi aliutembeza mtaani akiwaonyesha watu. Walikula samaki wao kila baada ya siku chache, wawili, sahani moja. Lakini moyo uliochoka haukusoma utepe. Mwezi wa Ramadhani haujaandama, mzee alilala mchana kwenye kiti chake mbele ya kioo, na Bibi Nesi alipokuja kumwamsha kwa ajili ya sala ya alasiri alimshika kifundo, akakaa hapo ameshika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu anayejua kazi.

Watu walijaa. Nyumba ile ilikuwa imemhudumia kila mtu, kila mtu alikuja. Uani palitandikwa majamvi mpaka kwenye mabeseni ya mboga. Katika kujaa kule, mtu fulani, hatukujua nani na Bibi Nesi alikataza tusimtafute, alichomoa waya wa pampu apate mahali pa kuchaji simu. Hakuna aliyekumbuka kopo. Binti yake kutoka Mikumi ndiye aliyewaona kwanza, wote wamelala ubavu juu ya maji, wekundu uleule, Mkaguzi katikati yao. Alinifuata mimi akinong'ona, tumwambieje mama. Lakini mama yake alikuwa ameshasimama nyuma yetu.

Aliwatazama. Alisema, "Walikuwa wageni wake," akageuka kurudi kwa wanawake. Tuliwafukia chini ya mipapai, mimi na binti, watu wakisoma dua upande wa pili wa nyumba.

Baada ya eda alihamia Mikumi kwa binti yake. Alikuja kuniaga dukani, akanunua mbegu za spinachi ambazo hakuzihitaji, akaniambia nipunguze chumvi. Nyumba ilipangishwa kwa mtu mwingine, na tangi likawekwa mkaa.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa hukohuko Mikumi. Nilikuwa nimepeleka mbegu kwa mteja, nikapita kumsalimia kabla ya kurudi. Binti yake ana mgahawa kando ya barabara kuu, malori yanasimama, abiria wanashuka kunyoosha miguu. Bibi Nesi nilimkuta uani, kwenye mkeka, amekonda. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Alinitambua kwa sauti. Alinishika mkono, akasikiliza, akasema marahaba, na kwa mara ya kwanza hakunipa maelekezo yoyote.

Binti yake alileta chai akaniambia, mbele yake, kwamba anataka kujenga tangi kama lile, wateja wapate cha kutazama na cha kula, lakini mama hataki kumsaidia kuchagua samaki.

"Chagua mwenyewe," Bibi Nesi alisema. "Uliza ya kula kwanza, urembo baadaye. Wangu walikuwa na kazi moja, na waliifanya."

Binti alirudi kwa wateja. Tulibaki tunasikiliza malori yakibadilisha gia. Gari langu la Kilosa lilikuwa karibu kupita, nami nilikuwa natafuta neno la kuagia. Badala yake nikajikuta nauliza kitu ambacho katika miaka yote ile ya kuishi uani kwake sikuwahi kukiuliza, wala sikumsikia mtu mwingine akikiuliza.

"Bibi, huyu kijana wako. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Uso wake uligeuka kunielekea. Nilidhani nimekosea.

"Alikuwa mwongo," alisema. "Mwongo mkubwa." Na akaanza kucheka. "Bamia alikuwa hazipendi. Anazitia mfukoni, mwanangu, mfukoni mwa kaptula ya shule, halafu ananiambia amemaliza. Mimi nafua, nakuta bamia! Namuuliza, anasema ni panya. Panya ameweka bamia mfukoni!"

Alifuta macho kwa ncha ya khanga. Akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi zaidi. Akaniambia kuhusu viatu vya baba yake alivyovivaa kwenda ngoma ya arusi, vikubwa, akavijaza magazeti, na bado kimoja kikamdondoka. Akaniambia alivyopiga mluzi bila wimbo, mluzi tu, unamsikia tangu njia ya reli. Akaniambia kuhusu msichana ambaye kijana alikuwa anampenda, na ambaye yeye, mama mtu, alijifanya hamjui. Sauti yake ilizidi kupata nguvu, mikono ikawa inachora hewani.

Barabarani gari la Kilosa lilipiga honi, likapunguza mwendo, kondakta akaita. Bibi Nesi alisikia. Alisita kidogo, mkono bado uko juu.

"Endelea, Bibi," nilimwambia. "Hicho kiatu kilichodondoka?"

"Kilidondoka mbele ya bibi arusi!" alisema, na gari likaondoka.